Jioni Alizopika Baba

Juzi nilitoka kazini nikiwa sina nguvu hata ya kufungua kamba za viatu. Nilikuwa nimenunua mkate njiani, nikijua nitaula mkavu, na nikijaliwa chai nishukuru. Nilipoingia kwenye ploti ninayopanga, jirani wa mlango wa pili alikuwa anakaanga kitunguu kwa samli ya ng'ombe, ile yenye harufu ya hiliki na moshi kidogo. Nikasimama hapo koridoni na funguo mkononi. Jirani akachungulia, akaniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, nimekumbuka nyumbani tu.

Kama wewe ni wa rika langu, utakumbuka jinsi miji yetu ilivyobadilika tukiwa darasa la tatu, la nne, wakati kaunti zilikuwa bado mpya. Kwetu Isiolo kulijaa ofisi zenye rangi mbichi na watu wenye vitambulisho shingoni. Kila mtu alikuwa anajenga, na kila aliyejenga ukuta alitaka geti. Hilo ndilo lililotuhusu sisi, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tulimwita Abba, kama Waborana wengi wanavyowaita baba zao. Alitoka Garbatulla akiwa kijana, akajifunza kazi hiyo mjini, na miaka ile mageti yalikuwa mengi kuliko mikono yake. Jioni alirudi nyumbani kwetu Kiwanjani akinuka chuma kilichoungua, mashati yake yote yametobolewa na cheche vitundu vidogo vidogo, utadhani yameliwa na mende.

Mama alikuwa muuguzi. Alimaliza chuo kabla ya kumzaa mdogo wangu Guyo, akakaa nyumbani muda mrefu bila kazi, vyeti vyake vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni juu ya kabati. Kaunti ilipoanza kuajiri wauguzi, naye akapata. Nakumbuka furaha ya siku hiyo: majirani walikuja, tukanywa soda, Mama akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Kisha tukaambiwa kazi yenyewe iko Sericho. Mimi Sericho nililijua kama jina ambalo watu wazima hulitaja wakitaka kusema kitu kiko mbali sana. Sikujua kwamba watu huishi huko, huumwa na kutibiwa.

Kabla hajaondoka, Mama alitengeneza nyirinyiri. Alinunua nyama ya ng'ombe, akaikata vipande virefu vyembamba kama kamba za viatu, akavianika uani mpaka vikakauka. Akavikatakata vidogo kama punje za mahindi, akavikaanga mpaka vikawa vyeusi, kisha akavimwagia samli ya moto yenye hiliki na kuvitia ndani ya kopo kubwa la bati. Nyama ya namna hiyo hukaa muda mrefu bila kuharibika, na kijiko kimoja tu kinatosha kukipa chakula ladha. Nyumba nzima ilinukia. Habiba, mdogo wetu wa mwisho ambaye hata miaka mitatu hakuwa amefikisha, alizungukazunguka jiko akilamba vidole.

Mama alinionyesha lile kopo, akaniambia, "Talaso, hii itawafikisha mpaka nirudi. Kijiko moja kwa sufuria. Wewe ndiye mkubwa, kwa hivyo kijiko ni yako."

Asubuhi yake alipanda lori la mizigo linalokwenda upande ule. Guyo alilia, mimi nilijikaza. Habiba alimpungia mkono kama anayempungia mtu anayekwenda dukani, akarudi kucheza na mawe.

Abba alianza kutupikia jioni hiyo hiyo. Asubuhi tulikunywa chai na mkate, mchana tulikula shuleni, na Habiba alishinda na jirani yetu Mama Kendi, Mmeru aliyeuza mboga kwenye kibanda mbele ya nyumba yake. Chakula cha jioni ndicho kilichobaki mikononi mwa Abba. Alirudi jua likizama, akaoga, akaenda kuswali magharibi, akarudi. Kutoka hapo mpaka adhana ya isha ndio muda wote aliokuwa nao wa kupika, kutulisha, kuosha uso wa Habiba na kurudi msikitini. Alichemsha mchele, au alichemsha pasta. Mimi nikafungua kopo, nikatia kijiko. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu, kesho na keshokutwa, na tulikipenda.

Lakini maneno ya Mama nilikuwa nimeyachukua kama yalivyo. Mpaka nirudi. Kwa akili yangu ya miaka tisa, kopo lile na Mama walikuwa wamefungwa pamoja. Kopo likiisha, Mama anarudi; kopo likikaa muda mrefu, Mama naye anakaa muda mrefu. Niliona ajabu kwamba Mama alilijaza namna ile. Basi nikaanza kuchota vijiko viwili. Baadaye vitatu, vilivyojaa mpaka samli inadondoka.

"Leo nyama ni mingi," Abba alisema jioni moja.

"Ndiyo, Abba."

"Mashallah," akasema, akaendelea kula.

Kopo liliisha mapema kuliko Mama alivyokusudia. Siku hiyo tulipotoka shule nililikwangua kwa kipande cha mkate, nikawagawia Guyo na Habiba. Kisha nikafagia uani, nikatandika mkeka mpya, nikamwogesha Habiba na kumvalisha gauni lake la Idi. Guyo nilimwambia avae viatu. Tukakaa mlangoni, sisi watatu, tukitazama barabara.

Abba alitukuta hapo. "Salaam aleikum," akasema, akitutazama mmoja mmoja. "Kuna mgeni?"

"Mama anakuja," nikamwambia.

"Nani amekuambia?"

"Kopo imeisha."

Nikamletea aone. Alilishika, akaangalia ndani, kisha akaketi kizingitini na shati lake la kazi. Akaniuliza Mama alisema vipi hasa. Nikayarudia maneno yale vilevile. Akaliweka kopo chini.

"Talaso, sio kopo inaleta mama," akasema mwishowe. "Ni likizo ndio itamleta."

Guyo akauliza, "Na likizo nayo inaisha lini?"

Abba aligeuza uso upande wa ukuta. Jioni hiyo hakwenda msikitini. Aliswali nyumbani, akatutengenezea chai ya maziwa, tukala na mkate. Habiba alilala na gauni lake la Idi kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumvua.

Kesho yake Abba alirudi na mfuko wa mboga: sukuma wiki, nyanya, vitunguu, na mayai yaliyofungwa kwenye gazeti. Akavitazama vile vitu kama mtu aliyeletewa mashine isiyokuwa na maelezo. Kuchemsha alijua. Kukaanga hakujua.

Nikueleze kwamba siku zote hizo Abba alikuwa anapikia ndani, mlango umefungwa. Mimi niliamini anafunga ili paka wasiingie. Sikujua kwamba kwa wanaume wa kwetu wa umri wake, kuchoma nyama porini ni sawa, kuchemsha chai huko kwenye malisho ni sawa, lakini kuchutama mbele ya jiko nyumbani kwako na mwiko mkononi ni jambo la kuonewa haya. Sasa jioni hiyo makaa yalikuwa mabichi na mafuta yalikuwa mengi. Kitunguu kilishika moto. Chumba kikajaa moshi, macho yakatuwasha, na Habiba akakohoa mpaka akatapika maziwa yake. Abba akasimama. Akainua jiko na sufuria yake juu, kwa mikono mitupu iliyozoea vyuma vya moto, akasukuma mlango kwa mguu, akaliweka jiko nje, mbele kabisa ya nyumba, mahali ambapo kila anayepita barabarani anaona.

Na watu walikuwa wakipita. Mzee mmoja wa mtaa wetu, Mzee Dida, akasimama na fimbo yake.

"Abba Talaso," akasema, "mama wa nyumba akienda kazi, wewe ndio umekuwa bibi?"

Abba hakuinua kichwa. "Hapana, mzee. Nimekuwa na njaa."

Mzee Dida akafikiri kidogo. "Basi geuza," akasema, "kitunguu inaungua." Akaenda zake.

Kuanzia jioni hiyo jiko halikurudi ndani tena ila siku za mvua, na kwetu mvua haisumbui watu sana.

Mama Kendi aliyaona yote hayo kutoka upande wake wa ua wa mabati. Alikuwa na mume na watoto wake, na mumewe alikuwa dereva wa serikali, mara nyingi hayupo. Isingependeza yeye aingie kwa mwanaume ambaye mkewe yuko mbali, wala Abba aende kwake. Hivyo alitupikisha akiwa kwake, kupitia mimi. Abba alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye ule ua na alisikia kila neno, lakini hawakuongea moja kwa moja.

"Talaso, mwambie baba yako apunguze moto."

"Abba, Mama Kendi anasema upunguze moto."

"Mwambie moto ya makaa haina pahali ya kupunguza."

"Anasema haina pahali ya kupunguza."

"Mwambie atoe makaa mbili aweke kando. Na asikoroge sukuma kama simiti. Sukuma ni ya kugeuza tu, mara mbili, inatoka ikiwa bado kijani."

Nilikimbia huku na huku na mwiko mkononi, najihisi mtu muhimu kuliko wote Kiwanjani.

Ugali wa kwanza wa Abba ulikuwa mgumu nje na unga mtupu ndani. Tuliula bila kusema kitu. Wa pili ulikuwa laini kama uji, na Guyo akauliza kama ataletewa kikombe. Wa tatu ulisimama. Mama Kendi alipitisha shingo juu ya mabati, akautazama, akasema, "Sawa sasa," kisha akarudi kwa mambo yake. Abba alitabasamu mpaka tulipomaliza kula.

Mama Kendi alitufundisha mambo ya mtu asiye na muda. Ndengu, ambazo kwetu hatukuwa tumezizoea, zilioshwa asubuhi wakati wa chai, zikatiwa kwenye thamosi na maji yanayochemka, zikafungwa. Jioni ukifungua zimeshaiva zenyewe, laini, unazikaangia kitunguu na nyanya tu. Niliona kama miujiza. Mahindi na maharagwe yalichemshwa Jumapili kwa sufuria kubwa, na siku mbili tatu za wiki githeri ilikuwa ya kukaanga tu. Wali ulipikwa pamoja na viazi na karoti ndani ya sufuria moja ili kuosha kuwe kidogo. Mayai mawili yakipigwa pamoja na nyanya nyingi yalitosha ugali wa watu wanne. Siku Abba alipopata maziwa ya ngamia kutoka kwa wamama wa sokoni, tulikula wali na maziwa na ndizi mbivu, na hapo hakuna jiko lililowashwa tena baada ya mchele, na yeye akawahi msikiti bila kukimbia.

Sisi watoto tulikuwa na kazi zetu. Mimi niliwasha makaa mapema, ili Abba akirudi kutoka magharibi yawe mekundu. Guyo alichambua sukuma na kupeleka majani mabovu kwa mbuzi wa jirani. Habiba alishikilia kifuniko. Na ni Habiba aliyemfundisha Abba kukata kitunguu, kwa njia yake. Alikuwa hataki kukiona. Akikiona kipande chenye ukubwa wa kucha alifunga mdomo, na hakuna aliyeweza kuufungua. Abba hakumgombeza. Alinoa kisu kwenye jiwe la karakana, akakata kitunguu kidogo, tena kidogo zaidi. "Kata mpaka ipotee," aliniambia aliponiachia mimi kisu. Habiba akala.

Mama alikuwa anapiga simu akipata mtandao. Ilibidi aende mahali fulani penye mwinuko nje ya kituo, ndipo simu ishike, na hata hapo ilikatikakatika. Tuliweka simu ya Abba katikati ya mkeka, tukaizunguka. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile.

"Mmekula nini?"

Mwanzoni tulijibu wali, pasta. Baadaye tulikuwa na mengi ya kusema. Nami nikaona jambo: kila tulipoeleza chakula, Mama alinyamaza. Ungesikia upepo tu upande wake, na pengine mbuzi. Kisha angesema, "Haya, vizuri," kwa sauti ndogo. Nikaamua kwamba Mama ana njaa. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema Sericho maji ni shida, nikajua bila shaka hata chakula hakuna, na Mama anapotuuliza tumekula nini, ni kwa sababu yeye hajala. Nikaanza kumweleza vizuri zaidi, nikidhani maneno yatamsaidia. Nilimwambia jinsi ndengu zilivyopasuka, jinsi nyanya ilivyoyeyuka, jinsi Abba alivyomenya viazi na kuviweka kwenye maji visiwe vyeusi. Nilimwambia Habiba alilamba sahani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunyamaza, nami nikafikiri anashiba.

Likizo ilikuja hatimaye. Tulimkuta Mama uani tuliporudi kutoka shule, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mweusi kwa jua na mwembamba kidogo, mfuko wake bado haujafunguliwa. Mimi na Guyo tulimrukia. Habiba, aliyekuwa kwa Mama Kendi, aliletwa ameshikwa mkono. Alimtazama Mama, akamtazama Mama Kendi, kisha akajificha nyuma ya sketi ya Mama Kendi.

"Habiba, njoo," Mama akasema. "Ni mimi."

Habiba hakwenda. Abba alipofika, alimkimbilia, akamkumbatia mguu, akamwuliza kwa sauti tuliyoisikia sote, "Huyu mama ataenda kwao saa ngapi?"

Jioni hiyo Mama alisimama kwenda jikoni. Abba akamwambia, "Kaa, umechoka na njia. Leo utakula yetu." Alisema kwa mapenzi. Alitaka Mama aone. Nasi tulifanya kazi zetu kama kila siku, haraka, bila kuulizana: makaa yako tayari, sukuma imechambuliwa, kifuniko kiko mikononi mwa Habiba. Mama alituangalia kutoka kwenye kiti. Mara mbili aliinuka kama anayetaka kusaidia, akakuta kitu kimeshafanywa, akaketi. Chakula kilipoiva, Guyo akamletea maji ya kunawa na taulo begani, akainama kidogo, kama tulivyofundishwa kuwafanyia wageni.

Mama alinawa. Alikula ugali na ndengu, akasema, "Tamu." Akala kidogo tena. Kisha akasimama, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Nilimfuata kwa macho na nikaona mabega yake yakitikisika.

Nilimgeukia Abba. "Ni chumvi? Mimi ndio nilitia chumvi."

"Sio chumvi," Abba akasema. "Kula."

Alimfuata Mama. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa na masikio.

"Nyumba imezoea kukaa bila mimi," Mama alisema.

"Nyumba haijazoea. Ni tumbo tu imejua saa ya kula."

"Mtoto ananiita huyu mama."

Abba akasogea karibu naye. Walisimama pale mpaka adhana ya isha.

Siku iliyofuata Mama alikusudia kutupikia pilau. Alienda sokoni mwenyewe, akanunua nyama ya mbuzi, akatwanga viungo kwenye kinu, akaanza kazi alasiri. Lakini mbuzi yule alikuwa mzee. Nyama ilichemka na kuchemka. Magharibi ikapita, Abba akarudi, akachungulia sufuria, akasogea kando. Isha ikapita. Harufu ilikuwa ya harusi, nasi tulikuwa tumelala mkekani, mmoja baada ya mwingine, kama kuku. Pilau tuliila asubuhi pamoja na chai. Guyo alisema ni pilau bora aliyowahi kula, na ilikuwa kweli. Habiba alitoa vipande vya vitunguu kimoja kimoja, vya kahawia na vikubwa, akavipanga ukingoni mwa sahani. Kisha akaisukuma sahani.

Mama aliitazama ile sahani kwa muda mrefu.

Ilipofika jioni aliniita. Jiko lilikuwa mbele ya nyumba, mahali pake. Alikuwa amechutama kando yake, kisu mkononi, kitunguu juu ya ubao.

"Talaso," akasema, "nionyeshe vile nyinyi hufanya."

Nilidhani ananijaribu, kama mwalimu anayeuliza kitu anachokijua. Nikamwangalia usoni na nikaona hanijaribu. Nikachutama karibu naye.

"Kata ndogo," nikamwambia.

Akakata.

"Bado. Ndogo zaidi. Habiba hapendi kuiona."

Kisu kikasimama. "Tangu lini?"

"Tangu uende."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kukata, polepole, akirudi juu ya vile vipande tena na tena mpaka vikawa kama chenga za mchele, mpaka vikapotea kabisa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa kuwa kilikuwa kitunguu, hakuna aliyehitaji kuuliza. Nikamwambia kuhusu makaa mawili ya kuweka kando. Nikamwambia asikoroge. Mama Kendi alichungulia juu ya mabati, akatuona, akashuka bila kutoa maelekezo, na nadhani hiyo ndiyo siku pekee aliyojizuia. Abba aliporudi kutoka magharibi alikuta pasta imechujwa maji na mchuzi umeiva. Akanawa, akaketi na watoto kwenye mkeka kama mtu mwingine yeyote aliyepikiwa.

Mama alipakua. Kwa Habiba alipakua kidogo, akaiweka sahani mbele yake, akarudi upande wake wa mkeka. Hakumwita. Habiba alichunguza chakula kwa kidole, akitafuta. Hakuona kitu. Akala chote. Akainuka na sahani tupu kwa mikono miwili, akatupita mimi na Guyo, akampita Abba, akasimama mbele ya Mama.

"Ingine," akasema.

Mama akampakulia. Habiba hakurudi mahali pake. Aligeuka, akajiketisha mapajani mwa Mama kama mtu anayeketi kwenye kiti chake cha kila siku, akaendelea kula.

Siku zilizobaki za likizo walipika kwa zamu, na mara nyingine kwa pamoja, wakigombania mwiko. Nilipokuwa mkubwa Mama aliniambia kwamba Sericho hakuwahi kulala njaa; watu wa huko walimletea maziwa mpaka akashindwa kuyamaliza. Kilichomkata maini ni kusimama kwenye ule mwinuko na kusikia kwamba tumeshiba. Alishukuru Mungu kwamba tumeshiba, na alirudi kituoni akitamani angalau ugali ungeungua siku moja. Alinieleza hayo akicheka. Baada ya muda alikuja kuhamishiwa mjini, akafanya zamu za mchana na za usiku, na Abba hakuacha kupika.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Likizo ilipokwisha ilibidi arudi. Alfajiri lori lilisimama barabarani, injini ikinguruma, mizigo imefungwa kwa turubai. Mama alitukumbatia, akampa Abba mkono, akaanza kupanda. Ndipo Habiba akaelewa. Alijitoa mikononi mwangu, akakimbia bila viatu mpaka kwenye gurudumu, akalia kilio ambacho kiliwatoa majirani nje, akiita mama, mama, mpaka sauti ikamkauka. Abba alimbeba, naye akajipinda na kunyoosha mikono kuelekea juu. Mama alimtazama kutoka kule juu ya mizigo, akajifunika mdomo kwa mtandio. Lori lilipoanza kwenda, niliona macho yake, na nilishangaa, kwa sababu alikuwa analia na mtoto analia na mimi pia nilikuwa nalia, lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepata kitu.